Papa, Gombessa na Karatasi Mbili

Neno "papa" lina taabu zake katika madarasa ya Kigali. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kinyarwanda kilichochanganyika na Kifaransa kidogo humwita baba yake papa. Aendaye kanisani amekwisha kumsikia Papa wa Roma. Na mwalimu anapoandika ubaoni kwamba papa ni samaki mkubwa wa baharini, mwenye meno safu kwa safu na ngozi ya kukwaruza, darasa zima huangua kicheko. Siwalaumu. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na katika Kinyarwanda neno moja, inyanja, hutosha kwa ziwa na kwa bahari pia.

Waliolileta neno hili mjini kwetu walimjua samaki mwenyewe. Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, pamoja na utawala wa Kijerumani walikuja askari, wapagazi na wachuuzi wasemao Kiswahili, ambao baadhi yao asili yao ilikuwa pwani. Wao na watoto wao ndio walioifanya mitaa kama Biryogo na Nyamirambo kuwa makao ya lugha hii, miaka mingi kabla Kiswahili hakijakubaliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Neno lilisafiri pamoja nao. Samaki akabaki baharini.

Mwaka jana, baada ya kicheko cha kawaida kutulia, msichana mmoja aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba papa haugui?" Alikuwa amelisikia jambo hilo kwa jirani yao. Kwa kawaida sikosi jibu, hata kama ni la kuahirisha tu, lakini siku hiyo nilisimama na chaki mkononi nisiseme kitu, kwa sababu maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyatafsiri mimi mwenyewe.

Shangazi yangu alikuwa akiuza vitenge Nyamirambo. Mwaka 2009 aliona uvimbe katika titi lake. Kabla hajakwenda hospitali, mchuuzi mmoja alimletea kichupa cha vidonge vilivyotengenezwa, kama ilivyodaiwa, kwa gegedu la papa, pamoja na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Alinijia jioni, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea lugha. Nisomee." Nikamsomea. Wala sikuishia kumsomea: niliketi mezani nikamwandikia tafsiri safi, nikalitafuta neno gegedu katika kamusi, na nikajivunia kulipata. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba papa hapatwi na saratani. Shangazi aliikunja karatasi yangu akaiweka katika mkoba wake wa fedha, akatumia vidonge vile miezi saba. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, na mwaka uliofuata tukamzika. Sisemi kwamba angalikwenda mapema angalipona; kituo cha saratani cha Butaro, huko kaskazini, kilifunguliwa mwaka 2012 tu. Lakini miezi saba si kitu kidogo, na tafsiri ilikuwa yangu.

Nilimwomba yule msichana anipe wiki mbili. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyakusanya, na nimeyaandika hapa kwa kuwa nadhani walimu wenzangu nao wataulizwa.

Watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba papa ana manufaa zaidi ya nyama. Ini lake ni kubwa ajabu. Katika baadhi ya papa wa kina kirefu hufikia kama robo ya uzito wa mwili, kwa maana papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengine, na mafuta ya ini ndiyo yamsaidiayo asizame. Mafuta hayo mabaharia waliyaita sifa, wakayapaka mbao za jahazi na mitepe zisiharibiwe na maji. (Mwalimu anayefundisha maneno yenye maana mbili hatapata mfano bora: sifa ya mtu ni ile asemwayo, sifa ya chombo ni ile inukayo.) Usione vyaelea, vimeundwa; na vilipoundwa, ini la papa lilikuwamo. Nyama yake iliyokaushwa ililetwa Mombasa na Unguja na majahazi ya Arabuni kwa upepo wa kaskazi, na harufu yake kila aliyepita sokoni aliijua. Harufu hiyo si ya uchafu. Papa huhifadhi katika damu na nyama yake urea nyingi, ili asinyonywe maji na chumvi ya bahari, na akishakufa urea hugeuka kuwa amonia. Nitairudia urea hiyo baadaye kidogo.

Wanasayansi waliingia katika ini hilo kwa kuchelewa. Mwaka 1906 Mjapani Mitsumaru Tsujimoto alikuta ndani yake mafuta ya namna ya peke yake, na mwaka 1916 akayaita skwalini, kutokana na jina la Kilatini la jamii moja ya papa. Baadaye ikajulikana kwamba skwalini imo pia katika mafuta ya zeituni na katika ngozi ya binadamu. Katika miaka ya mwisho ya 1930 na wakati wa Vita Kuu ya Pili papa walivuliwa kwa wingi mno katika pwani ya California kwa ajili ya vitamini A ya maini yao, hata idadi yao ikaporomoka. Vitamini hiyo ilipoanza kutengenezwa viwandani, biashara ile ikafa. Skwalini nayo ilipata kazi nyingine. Ikichanganywa na maji kuwa matone madogo sana, huamsha kinga ya mwili iiangalie chanjo kwa makini zaidi, na mwaka 1997 chanjo ya mafua yenye skwalini ilikubaliwa huko Italia kwa ajili ya wazee. Hilo ni jambo la kweli, na ni la kiasi: mafuta ya papa husaidia chanjo kufanya kazi yake, hayamponyi mtu kwa kumezwa.

Ama kuhusu kinga yenyewe, yaani namna mwili unavyojitetea, historia yake ilianzia baharini, na wala si kwa papa. Mwaka 1882 Mrusi Ilya Metchnikoff alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Jamaa zake walikuwa wamekwenda kutazama nyani wa sarakasi, naye akabaki nyumbani na darubini yake, akiwatazama watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana hadi ndani kama kioo. Likamjia wazo. Akachuma miiba ya waridi bustanini, akawachoma wale wadudu wadogo, kisha hakulala kwa kungoja. Asubuhi akakuta chembe hai zimeuzunguka mwiba kama watu waliozingira mwizi. Akasema kwamba ndivyo chembe nyeupe za damu yetu zifanyavyo kwa vijidudu vya maradhi: huvizingira na kuvila. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Nimekuwa nikilifundisha neno "kiti cha pweza" kama kichekesho cha msamiati, pasipo kujua kwamba mwiba mmoja uliochomwa katika mtoto wa mnyama huyo ulifungua mlango wa elimu nzima.

Basi papa anaingiaje? Jamii yake imekuwamo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 400, na katika viumbe hai walio na kingamwili kama zetu, yeye na jamaa zake ndio walio mbali nasi kupita wote. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili zimkamate adui mahususi, kama ufunguo na kufuli. Papa hana mfupa hata mmoja, kiunzi chake chote ni gegedu, kwa hiyo hana uboho wa kutengenezea chembe za damu kama sisi. Kazi hiyo hufanywa na viungo vingine, kimoja kikiwa kando ya umio. Kingamwili yetu ina minyororo minne, mizito miwili na myepesi miwili, iliyoungana mfano wa herufi Y. Mwaka 1995 kundi la watafiti, Martin Flajnik akiwa mmoja wao, lilitangaza katika jarida la Nature kwamba papa mmoja wa sakafuni mwa bahari ana, pamoja na zile za kawaida, kingamwili nyingine yenye minyororo mizito tu. Ncha yake ni ndogo, hupenya katika nyufa za protini ambamo kingamwili zetu hazifiki. Tena ni ngumu, kwa maana imezoea kufanya kazi katika damu iliyojaa urea, ile ile inukayo sokoni. Miaka miwili kabla ya hapo watafiti wa Brussels walikuwa wamekuta jambo linalofanana na hilo katika damu ya ngamia. Viumbe viwili visivyo na udugu wa karibu, mmoja wa jangwani na mmoja wa majini, vilifikia ufumbuzi mmoja kwa njia mbalimbali. Kutokana na kingamwili za jamii ya ngamia imekwisha kupatikana dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa ugonjwa mmoja wa damu. Za papa zingali katika maabara.

Mwaka 1993 kulikuwa na ugunduzi mwingine. Michael Zasloff, ambaye miaka sita kabla alipata katika ngozi ya chura kemikali ziuazo bakteria, alitangaza na wenzake kwamba tumboni mwa papa mdogo wa bahari baridi mna kemikali iitwayo skwalamini, iuayo bakteria na kuvu. Mwaka 2011 ikaonekana katika maabara kwamba huzuia pia baadhi ya virusi. Hata hivyo haijawa dawa ya kununuliwa dukani.

Katika ugunduzi huo wote hakuna aliyesema kwamba papa haugui. Uvimbe wa saratani katika papa ulikwisha kuandikwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Mwaka 2004 wataalamu walikusanya habari za uvimbe 42 katika papa na jamaa zake, na mwaka 2013 ikatolewa habari ya papa mweupe wa Australia mwenye uvimbe mkubwa tayani. Uvumi ulitoka wapi, basi? Ulitoka katika ukweli uliokatwa vipande. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Marekani waliona kwamba gegedu, ambalo halina mishipa ya damu, lina kitu kinachozuia mishipa mipya isiote. Na uvimbe wa saratani huhitaji mishipa mipya ili ukue. Lilikuwa wazo la maana, la kuchunguzwa polepole. Lakini mwaka 1992 mfanyabiashara William Lane alichapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe lilidai kwamba papa hawapatwi na saratani, mwaka uliofuata televisheni ya Marekani ikaitangaza habari hiyo, na unga wa gegedu ukaanza kuuzwa duniani kote. Madaktari walipowapima wagonjwa kwa utaratibu, mwaka 1998, kisha 2005, na tena katika jaribio la wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu lililochapishwa mwaka 2010, hawakuona faida yoyote.

Angalieni tarehe hizo. Jaribio la 1998 lilikuwa limechapishwa miaka kumi na mmoja kabla shangazi hajaniletea karatasi yake. Jibu lilikuwako. Mimi nilitafuta neno gegedu, sikutafuta jibu.

Na kama kuna mtu atakayetaka kuambiwa ni mnyama gani wa baharini aliyesaidia kweli kutibu saratani, ajibiwe kwamba ni sifongo, kiumbe asiye na meno, asiye na mbio, wala asiye na hadithi. Karibu na mwaka 1950 Werner Bergmann alipata katika sifongo mmoja wa bahari ya Karibi kemikali zilizofanana na zile zinazojenga urithi wa seli, lakini zenye sukari ya namna nyingine. Kwa kuziiga, wakemia walitengeneza sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, na hata leo ni miongoni mwa dawa za saratani ya damu zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hakuna mchuuzi aliyewahi kuniletea kichupa chenye picha ya sifongo.

Sasa nije kwa karatasi ya pili, ambayo ndiyo iliyonifariji kidogo.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika ya Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji, aliitwa kutazama samaki waliovuliwa na meli ya nahodha Hendrick Goosen. Kati yao alikuwamo mmoja wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu, na mapezi yaliyotoka mwilini kama vikono. Alimchora, akampelekea mchoro J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyependa samaki kuliko kemia. Smith alimtambua: alikuwa silikanti, jamii iliyodhaniwa kuwa imetoweka tangu miaka milioni 66 na zaidi. Kwa bahati mbaya matumbo yalikuwa yamekwisha kutupwa. Kwa miaka kumi na minne Smith alitafuta wa pili. Alichapisha karatasi yenye picha na maelezo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi paundi 100, na karatasi hizo zikasambazwa pwani yote.

Mwaka 1952 Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya Unguja na Komoro kwa chombo kiitwacho Nduwaro, jina la samaki wa jamii ya sulisuli, alizichukua karatasi hizo. Mwezi Desemba, huko Domoni katika kisiwa cha Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alipata samaki mzito mwenye magamba makavu. Wakomoro, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, walikuwa wakimjua: walimwita gombessa, na hawakumthamini sana. Alikuwa karibu kukatwakatwa sokoni. Ndipo akapita mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ambaye alikuwa ameisoma ile karatasi. Alimtazama samaki, akalinganisha na picha, akawazuia wenye visu. Wakambeba kuvuka milima hadi Mutsamudu alikokuwako Hunt, naye akamtia chumvi na kupeleka simu. Smith aliomba ndege kwa Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, akaipata, akafika kabla ya mwaka kwisha, na alipomwona alilia.

Vitabu vingi humsifu Smith, na anastahili. Lakini mimi nimekuwa nikimfikiria yule mwalimu wa Domoni. Yeye naye alipewa karatasi iliyotoka mbali, kwa lugha ya kigeni, ikidai jambo la ajabu. Hakuitafsiri tu. Aliichukua akaenda nayo mbele ya samaki.

Baadaye gombessa alionekana kwetu pia. Mwaka 2003 alivuliwa Kilwa, na tangu mwaka 2004 wengi walinaswa Tanga, katika jarife zilizotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Ndiyo sababu mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga. Mwezi wa Aprili 2013 Chris Amemiya na wenzake wengi walitangaza kwamba wameusoma urithi wote wa silikanti wa Komoro. Walithibitisha kwamba kamongo, yule samaki wa Ziwa Viktoria avutaye pumzi, ni jamaa yetu wa karibu zaidi kuliko gombessa. Kisha walikuta pengo lisilotarajiwa. Kila mnyama mwenye taya na uti wa mgongo aliyechunguzwa kabla ya hapo, kuanzia papa hadi mtu, alikuwa na kingamwili ya aina ya M, ambayo ndiyo itangulizwayo vitani adui anapoingia. Gombessa hana. Walimtafuta M kila mahali katika urithi wake, hawakumwona. Alichokuwa nacho ni kingamwili ya aina ya W, ambayo ilikuwa ikijulikana katika papa na katika kamongo, na yadhaniwa kwamba hiyo ndiyo iliyobeba kazi ya M. Samaki amekaa vizazi na vizazi gizani pasipo silaha tuliyoidhani ya lazima, na yungali hai.

Yungali hai, lakini wachache. Papa nao: mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba zaidi ya theluthi ya aina za papa na taa wamo katika hatari ya kutoweka, kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi. Unga wa gegedu una sehemu yake katika hesabu hiyo, ingawa mapezi na nyama ndiyo sababu kubwa.

Wiki mbili zilipokwisha nilirudi darasani. Nilimwambia yule msichana kwamba papa huugua, na nikaeleza. Kisha nilitoa ile karatasi ya Kiingereza, ambayo niliikuta katika vitu vya marehemu ikiwa imekunjwa pamoja na mwandiko wangu, nikaandika sentensi zake ubaoni. Niliwataka wanafunzi wazitafsiri, na chini ya kila sentensi waandike ni nani aliyesema na amejuaje. Tafsiri ya sentensi ya kwanza waliipata kwa dakika mbili. Kwenye swali la pili walikwama, wakabishana kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, nami sikuwakataza, hadi kengele ilipolia.